Ganzi ya Mkono na Mlango Mwembamba

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 90, hufika Mackinnon Road, mji mdogo wa Kwale ulio katika nyika ya Taru. Karibu na reli upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na wasafiri wengi husimama hapo kuomba dua. Husimuliwa kuwa mtu huyu alitoka Punjab kuja kufanya kazi ya reli, na ya kuwa alipochukua karai la mawe, karai halikumgusa kichwa, bali lilielea juu yake.

Uisadiki hadithi hii au usiisadiki, msomaji, ina neno la kutufunza. Reli ilijengwa tangu mwaka 1896 hata mwaka 1901, ilipofika Ziwa Victoria. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wakafanya kazi pamoja na Waafrika wengi, na kiasi cha Wahindi 2,500 walikufa. Kazi ilikuwa ya sururu, nyundo, mtaimbo na karai. Watu wa kazi kama hiyo walijua vema thamani ya mzigo usioumiza mwili. Vifo huhesabiwa upesi, lakini maumivu ya kiungo kimoja hayahesabiki. Insha hii yahusu maumivu ya namna hiyo, yaliyowasumbua watu muda mrefu kabla ya waganga kuyaelewa.

Tazama kifundo cha mkono wako, mahali kiganja kinapoungana na mkono. Chini ya ngozi mna mifupa midogo 8 iliyojipanga kama upinde, na juu ya upinde huo umekazwa ukanda mgumu. Kati ya mifupa na ukanda huo pana njia nyembamba, kama mlango. Humo hupita kano 9 za kukunjia vidole, na pamoja nazo neva moja iletayo hisia katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mifupa haisogei wala ukanda hauvutiki. Basi kano zikivimba, anayeumia ni yule aliye laini kuliko wote, yaani neva. Ndipo vidole hufa ganzi, huchoma kama vilivyotiwa pilipili, na mgonjwa huamka usiku akakung'uta mkono apate nafuu. Kidole cha mwisho husalimika, kwa kuwa neva yake haipiti katika mlango ule.

Jambo hili laonekana wazi leo, lakini lilichukua karibu miaka mia moja kujulikana. Mwaka 1854 mpasuaji wa London, James Paget, alieleza habari za mtu aliyevunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono. Neva yake ilibanwa, akatoka vidonda katika gumba na vidole viwili vya jirani. Mkono ulipofungwa katika hali ya kukunjwa, neva ikapata nafasi na vidonda vikapona. Mwaka 1880 James Putnam wa Boston, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa 37, wengi wao wanawake, waliokufa ganzi usiku. Aliijua dalili, asijue mahali pa ugonjwa.

Mwaka 1913, huko Paris, Pierre Marie na Charles Foix waliichunguza maiti ya bibi wa miaka 80, ambaye nyama za gumba zilikuwa zimekwisha. Wakaona neva imevimba juu tu ya ule ukanda. Wakasema ya kuwa ukanda ungekatwa mapema, huenda mkono ungeokoka. Neno lao halikusikilizwa na wengi. Kwa kuwa neva hutoka shingoni, na maumivu mara nyingine hupanda hata begani, waganga waliendelea kuilaumu shingo, na wagonjwa wengine walikatwa mbavu bila ya sababu.

Kosa hilo lilianza kusahihishwa mwaka 1947, Russell Brain na wenzake wa London walipotangaza habari za wagonjwa 6 waliopasuliwa kifundo. Baadaye George Phalen wa Cleveland aliwafundisha waganga kipimo kisichohitaji chombo: mgonjwa hukunja vifundo vyake kwa muda wa dakika moja, na ganzi ikija, shuku huongezeka. Mwaka 1966 alieleza habari za mikono 654 aliyoihudumia.

Yafaa tukumbuke kuwa kazi ngumu si sababu pekee. Mitambo inayotetemesha mkono, na kazi ya kushika kwa nguvu mara kwa mara, huweza kuuleta ugonjwa. Lakini mimba, kisukari, baridi yabisi na upungufu wa kazi ya tezi ya shingo nazo huuleta. Wala si kila ganzi ni ganzi hii. Ukoma nao huharibu neva za mikono. Kwa hiyo mwenye ganzi pamoja na mabaka yasiyo na hisia asikae nyumbani akikisia, bali aende hospitali.

Matibabu hufuata ukali wa ugonjwa. Ukiwa mwepesi, mkono hufungwa gango usiku ili kifundo kikae sawa bila kukunjwa, na kazi iliyoudhuru hupunguzwa au hubadilishwa namna yake. Pengine daktari hudunga sindano ya dawa ya kuondoa uvimbe. Hayo yasipofaa, mpasuaji huukata ule ukanda, naye mgonjwa kwa kawaida hurudi kwake siku ile ile. Ugonjwa unaoletwa na mimba mara nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta. Neva iliyobanwa siku chache hupona. Iliyobanwa miaka mingi huiacha nyama ya gumba ikisinyaa, na mkono usioweza kufunga kifungo cha shati hauwezi kushika jembe wala kalamu. Bibi yule wa Paris aliufundisha ulimwengu baada ya kufa. Wewe, msomaji, una nafasi ya kujifunza ungali hai: mkono ukikuamsha usiku, usiudharau, wala usimcheke mzee wako alalamikaye ganzi. Karai za walio wengi hazielei. Hukaa juu ya viungo vyao, na viungo hivyo vina haki ya kutunzwa.