Maxville: Mji wa Mbao Uliojengwa kwa Muda

Kaskazini-mashariki ya jimbo la Oregon, huko Marekani, kuna milima inayoitwa Wallowa. Ukitoka mji mdogo wenye jina hilohilo, ukapanda kuelekea kaskazini zaidi ya kilomita 20, unafika kwenye uwanda wa majani uliozungukwa na misonobari. Mtu akipita pale bila kuambiwa, hawezi jua kwamba watu kama 400 waliwahi kuishi hapo. Walikuwa na nyumba, shule na hata timu za besiboli. Mahali hapo paliitwa Maxville, na mji wenyewe ulidumu miaka kumi hivi, kuanzia 1923 mpaka 1933.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu vijana wengi ninaofanya nao kazi wanaamini kwamba historia ni ya miji mikubwa na ya watu wenye nchi yao. Kwao, mahali pa muda hapana historia, yaani unakaa, unaondoka, basi. Sasa Maxville ilikuwa mahali pa muda tangu siku ya kwanza.

Iliyoujenga ni kampuni ya mbao ya Bowman-Hicks, kutoka jimbo la Missouri. Kampuni ilitaka miti ya kule juu, ikapeleka reli mpaka msituni ili magogo yashushwe bondeni kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Miji ya namna hiyo ilikuwa mingi Marekani wakati ule. Haikujengwa ili wajukuu waje kuishi hapo. Miti ikiisha, au bei ya mbao ikianguka, mji nao umeisha kazi.

Wafanyakazi walitoka mbali. Kampuni iliwaleta wakata miti wenye uzoefu kutoka majimbo ya kusini kama Arkansas na Mississippi, wakasafiri kwa treni siku nyingi. Wengi walikuwa wazungu, lakini kati ya watu 40 na 60 walikuwa Wamarekani weusi, wanaume pamoja na wake na watoto wao.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Mti mkubwa uliangushwa na watu wawili. Kwanza walikata kwa shoka upande ambao mti utaangukia, halafu wakaingiza msumeno mrefu upande wa pili, kila mmoja ameshika mpini wake. Sheria ya msumeno ule ni kuvuta tu. Ukiusukuma, unajikunja na kukwama. Unavuta, unamwachia mwenzako avute. Wakipigilia kabari nyuma ya msumeno, mti unaanza kuegemea, na hapo kila mtu anajua pa kukimbilia.

Hapa kuna jambo la kuangalia vizuri. Katiba ya Oregon ya mwaka 1857 ilikuwa na kifungu kilichokataza watu weusi kuhamia jimbo lile, kumiliki ardhi wala kufanya mikataba. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe sheria ya taifa ilikinyima nguvu, lakini maneno yenyewe yalibaki kwenye katiba mpaka wananchi walipopiga kura kuyafuta mwaka 1926. Kwa hiyo familia za kwanza zilipofika Maxville mwaka 1923, karatasi ya jimbo ilikuwa bado inasema wasiwepo, huku kampuni ikisema waje kesho asubuhi na shoka. Msomaji wa kambini hahitaji maelezo marefu hapo.

Mjini kwenyewe walitengwa. Nyumba za weusi zilikuwa upande wao, na watoto walikuwa na shule mbili. Besiboli pia ilikuwa na timu mbili, ya wazungu na ya weusi. Ila inasimuliwa kwamba wakienda kucheza na miji mingine, walichukua wachezaji bora wa timu zote mbili wakawa timu moja. Sisi tunaochezesha mpira kati ya zoni na zoni tunaelewa. Ubaguzi haukuisha kwa sababu ya mechi, lakini watu walijua nani anaweza nini.

Tena ardhi ile haikuwa tupu kabla ya kampuni. Bonde la Wallowa lilikuwa kwao na watu wa Nez Perce, kundi la Chief Joseph. Mwaka 1877 serikali iliwalazimisha kuondoka, vita ikatokea, wakakimbia zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea Kanada, wakakamatwa karibu na mpaka. Chief Joseph alikufa mwaka 1904 bila kuruhusiwa kurudi kuishi kwao. Kwa hiyo wakimbizi walikuwepo kwenye historia ya mahali hapo hata kabla ya msumeno wa kwanza.

Uchumi wa dunia ulipoanguka, soko la mbao nalo likaanguka. Mwaka 1933 kampuni ilifunga shughuli zake. Familia nyingi zikatawanyika, nyingine zikashuka kwenye miji ya karibu kama Wallowa na La Grande. Miaka ya 1940 theluji nzito iliangusha karibu majengo yote yaliyobaki. Jengo moja la magogo ndo lilisimama.

Hadithi ingeishia hapo, lakini mkata miti mmoja mweusi, Lucky Trice, aliyekuja kutoka Arkansas akiwa na miaka 19, alikuwa na binti anaitwa Gwendolyn Trice. Binti huyu alikulia La Grande bila kujua kwamba baba yake alikuwa mkata miti wa Maxville. Alikuja kujua akiwa mtu mzima, na baba ameshafariki. Akaanza kutafuta wazee waliobaki, weusi na wazungu, akakusanya masimulizi na picha. Mwaka 2008 akaanzisha kituo cha kuhifadhi historia ya Maxville, na mwaka 2022 kituo hicho kikanunua ekari 240, pamoja na pale mji uliposimama.

Mimi kinachonigusa ni kwamba alianza amechelewa. Maswali ya kumuuliza baba yalikuwepo, baba hakuwepo. Huku kwetu wazee bado wapo. Wanajua nani alifundisha darasa la kwanza chini ya mti kabla ya shule kuezekwa, visima vya kwanza vilichimbwa wapi, zoni ilipewa jina na nani, na njia waliyopita usiku wa kuvuka mpaka. Wengi hawasimulii kwa sababu hakuna anayewauliza, na wengine kwa sababu inauma. Anayeumia asilazimishwe, lakini aulizwe.

Na ninyi ndugu wafanyakazi wa mashirika, ripoti zenu zinahesabu kaya, vyoo na kadi za chakula. Ni kazi nzuri. Lakini ofisi ikifungwa, mafaili yanaondoka na gari. Tuachieni nakala ya picha na ramani za zamani, na majina ya watu waliopo kwenye picha yaandikwe nyuma kwa ruhusa yao.

Kikundi chetu cha vijana kimefungua daftari. Kila kijana anakaa na mzee mmoja, anaandika anachoambiwa, halafu anamsomea mzee arekebishe. Anayetaka kusimulia atatukuta Jumamosi baada ya mpira, kwenye banda la vijana. Kalamu tunazo.