Daftari la Marejesho

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara mwanafunzi mmoja huuliza: mwenyeji anaumwa nini hata apone kwa kuja mgeni? Nilikuwa nikijibu kwa mzaha kwamba anaumwa njaa, kwa kuwa mgeni akija ndipo kuku huchinjwa. Jibu zito zaidi nililipata nje ya darasa, kwenye kiwanja cha ujenzi, na lilinichukua miaka kulielewa.

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Wengi wetu tulikaa kwenye tembe, nyumba za miti na udongo zenye paa bapa, ambazo huwa na ubaridi mzuri mchana wa jua kali, lakini mvua ya Januari ikizidi huvuja mpaka watu wakalala wameketi. Kanisa lilianzisha mradi wa nyumba za tofali na bati. Mwezi wa saba wakaja Wamarekani 12, waume kwa wake, wakae nasi wiki mbili wakijenga. Kila mmoja alijilipia nauli. Mimi nilitakiwa kuwa mkalimani.

Siku ya pili fundi wetu mkuu alisimamisha timazi kwenye ukuta uliojengwa na mgeni mmoja, mzee aliyekuwa seremala huko kwao. Akatikisa kichwa. "Mwalimu," akaniambia, "mwambie mzee ukuta wake umelewa." Nilisita, maana mgeni hasemwi hivyo. Fundi akanikazia macho, nami nikatafsiri neno kwa neno. Yule mzee akacheka, akachukua mwiko, akabomoa kozi tatu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwomba fundi amwonyeshe tena tangu mwanzo.

Jioni ile nikamwuliza swali lililokuwa likinikereketa: nauli ya watu 12 ingejenga nyumba ngapi hapa kijijini? Hakukasirika. Alisema hesabu yangu ni sahihi, na kwamba hata yeye ameipiga mara nyingi. Kisha akaongeza jambo nililolichukua kuwa maneno ya kunifurahisha tu. Alisema kazi hii anayoifanya kwao Marekani ilikomaa Afrika, kando ya mto Kongo, na kwamba amekuja si kuleta kitu kipya bali kuona upande ilikotoka.

Miaka ilipita kabla sijapata kusoma habari zenyewe, nikakuta mzee alisema kweli. Naomba msomaji anivumilie nizisimulie kwa kifupi, kwa kuwa bila hizo sitaweza kueleza kosa langu mimi.

Mwaka 1942, karibu na mji wa Americus katika jimbo la Georgia, mhubiri mmoja wa Kibaptisti aitwaye Clarence Jordan alianzisha shamba la ushirika lililoitwa Koinonia. Jordan alikuwa amesomea kilimo, kisha akabobea katika Kigiriki cha Agano Jipya. Katika shamba lake weusi na weupe walikula meza moja. Leo jambo hilo laonekana dogo. Huko kusini mwa Marekani wakati ule lilikuwa jambo la kumtoa mtu roho. Katika miaka ya 1950 wafanyabiashara walikataa kuwauzia na kununua mazao yao, nyumba zao zikapigwa risasi, na kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kikalipuliwa. Walijinusuru kwa kuuza njugu za pecan kwa njia ya posta, kwa wateja wa mbali. Jordan hakuhama.

Mwaka 1965 akafika hapo mwanasheria kijana wa Alabama, Millard Fuller. Alikuwa amepata utajiri mkubwa kabla ya kutimiza miaka 30, lakini nusura upotee mji wake, maana mkewe Linda alikuwa amemwacha kwa muda. Walipopatana, waliamua kuuza mali zao na kuzitoa, waanze maisha upya. Mwaka 1968 walirudi Koinonia. Fuller na Jordan waliwatazama majirani zao weusi, vibarua wa mashamba waliokaa katika vibanda vibovu. Jordan alishikilia kwamba maskini hahitaji sadaka ila mtaji, wala hahitaji wa kumsimamia ila wa kufanya naye kazi. Wakaunda mfuko wa fedha. Familia ilijengewa nyumba ya kawaida, nayo ikashiriki ujenzi kwa jasho lake. Gharama ililipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi bila faida wala riba, na kila kilicholipwa kikarudi mfukoni kujenga nyumba ya mwingine. Jordan alifariki Oktoba 1969, wakati mpango wake ndio kwanza unaanza.

Mwaka 1973 Fuller, mkewe na watoto wao wanne walihamia Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo na ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walikwenda kama wamisionari. Mji huo upo ukingoni mwa mto Kongo, karibu na inapopita Ikweta. Kanisa la huko lilikuwa na mradi wa kufyatua matofali ya saruji, na Fuller akaupokea. Kiwanja walichokuja kujengea kilikuwa na historia yake. Wakati wa Wabelgiji kilikuwa ardhi tupu, iliyoachwa makusudi kutenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika. Watu walikiita Bokotola, maana yake mtu asiyewajali wengine. Nyumba zilipojengwa hapo, zaidi ya mia moja kwa mpango uleule wa mkopo bila riba, jina la zamani halikufaa tena. Mahali pakaitwa Losanganya: mpatanishi, anayewakusanya watu pamoja.

Akina Fuller walirudi Georgia mwaka 1976. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo wakakutana na wenzao pale Koinonia wakaunda shirika la Habitat for Humanity. Kwa hiyo mzee yule hakunidanganya. Mbegu ilitoka Georgia, lakini ni Mbandaka ilikothibitika kwamba yaweza kuota katika udongo wowote. Shirika lilifika Kenya mwaka 1982 na Tanzania mwaka 1986. Mwaka 1984 Jimmy Carter, aliyekuwa amekwisha kutoka Ikulu na ambaye kijiji chake cha Plains ni jirani na Americus, alipanda basi na wenzake hadi New York kukarabati jengo bovu likae familia 19. Tangu hapo picha ya rais mstaafu ameshika nyundo ikazunguka dunia, na maelfu ya watu wakaanza kufunga safari kwenda kujenga nchi za mbali. Makanisa mengine nayo yakafuata mtindo huo kwa njia zao. Mradi wetu ulikuwa mmojawapo wa hiyo iliyofuata.

Sasa nirudi kijijini kwetu.

Wageni walipoondoka, kazi iliyobaki haikuwa ya mwiko wala karai. Ilikuwa ya daftari. Palichaguliwa kamati ya watu saba wa kijijini, nami, kwa kuwa naandika vizuri, nikawa katibu. Shilingi ilikuwa ikishuka thamani kila mwaka, basi tulipima deni kwa mifuko ya saruji: kila familia ilirejesha thamani ya mfuko mmoja kwa mwezi, kwa bei ya mwezi huo. Utaratibu ulikuwa mzuri. Watu waliuza karanga na alizeti, wakaja na noti zilizokunjwa ndani ya khanga, nikaandika, wakaweka sahihi au dole gumba. Mama yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba nyumba ya bure humfanya mtu kuishi kama mpangaji wa aliyempa, lakini hii anailipia, kwa hiyo akifunga mlango amefunga mlango wake.

Mwaka 1997 mvua ziligoma, na njaa ikaingia. Mwisho wa mwaka ikaja El Nino na mafuriko, na kilichosalia shambani kikaoza. Katikati ya mwaka huo mwanakijiji mmoja katika wenye nyumba za mradi alifariki, akaacha mke na watoto watatu. Mjane yule alipitisha mwezi bila kulipa, kisha miwili, kisha mitano. Kanuni ilisema barua tatu, baada ya hapo kamati iamue. Barua zote tatu niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kwa lugha safi isiyo na tusi hata moja. Alikuja baada ya ile ya tatu, akaleta kuku wawili wa kufungia deni. Nilimweleza kwa upole kwamba daftari halina safu ya kuku. Februari 1998 kamati iliamua, na mama yule akaondoka na wanawe kwenda kwa kaka yake, kijiji cha pili. Hakuna aliyemsukuma wala kumpigia kelele. Nyumba alipewa mwingine, naye alilipa vizuri.

Mwaka uliofuata ilifika barua kutoka Marekani. Yule mzee seremala aliuliza hali za watu, mmoja mmoja, kwa majina. Mwisho akauliza habari za ule ukuta wake uliolewa: je, bado umesimama wima, na mama mwenye nyumba hajambo? Nyumba ile, msomaji, ndiyo iliyokuwa ya mjane. Niliikunja barua nikaitia ndani ya daftari la marejesho. Sikuijibu. Hata leo sijui niseme niliogopa au niliona aibu.

Ilipita miaka mitano. Siku moja, nikijiandaa kuongoza ibada, nilifungua sura ya 22 ya kitabu cha Kutoka, nitazame ile aya ya 25 inayokataza kumtoza riba maskini. Aya hiyo ndiyo nguzo ya mpango mzima huu, kuanzia Koinonia hadi kwetu, na sisi kwenye kamati tulikuwa tukiitaja katika kila mkutano. Jicho langu likapanda juu kidogo likakutana na aya ya 22. Hiyo inakataza kumtesa mjane na yatima. Nikashuka mpaka ya 26, nayo inaagiza kwamba ukichukua nguo ya mtu kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, maana ndiyo anayojifunika usiku. Tulikuwa tumeishika aya moja kwa mikono miwili, na zile zinazoipakana juu na chini tukazikanyaga. Hatukumtoza mjane riba hata senti moja. Tulimtoa nyumbani tu.

Sisemi deni lilikuwa baya. Mama yangu alimaliza deni lake mwaka 2004, na siku hiyo alitembea kijijini kama bibi harusi. Lakini niliwaza juu ya watu waliouanza mpango huu. Jordan alikaa shambani pake miaka 27, pamoja na risasi zote. Fuller alihama na watoto akaishi Mbandaka miaka mitatu, mahali ambapo kabla ya kupanga nyumba ilibidi kuwapanga watu wawe majirani. Wala historia yao haikuwa ya malaika: mwaka 2005 bodi ya shirika alilolianzisha ilimwondoa Fuller kwa mvutano mkubwa, naye akaanzisha shirika lingine akaendelea kujenga hadi alipofariki mwaka 2009. Jambo ninaloliona katika habari zao ni kwamba kujenga ndiyo sehemu nyepesi. Mgeni hujitolea wiki mbili, akapata malengelenge mikononi na picha za kwenda nazo, na simlaumu, maana yule mzee aliukubali ukuta wake kubomolewa, jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi. Aliye jirani hujitolea miaka 15, akiwa na daftari mkononi, na siku ya msiba ndiyo atakayejulikana kama yeye ni Bokotola au Losanganya.

Nililipeleka jambo hilo kwenye kamati. Tulibishana majuma mawili, kisha tukaandika kanuni mpya: nyumba yenye msiba hupumzishwa miezi 12, na deni lake katika muda huo hubebwa na sisi wengine, kila mmoja kidogo. Na safu ya kuku tukaiweka.

Kisha nikaenda kijiji cha pili. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Mama yule alinikaribisha chini ya mti, akamtuma mtoto wake mkubwa, ambaye sasa alikuwa kijana, akakamate kuku. Nilimwomba asifanye hivyo. Akasema, "Mwalimu, umetembea jua hili lote, utakula." Nikala. Nilipomaliza nikamwambia niliyokuja kuyasema, naye akasikiliza akiwa ameinamia sufuria. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Ule ukuta wa mzee, haujapata ufa?"

Nikamwambia bado uko wima. Akatikisa kichwa kukubali, akaniongezea mchuzi. Siku hiyo nilijua kwamba wahenga walijali upande mmoja tu wa methali yao. Wakati mwingine aliye mgonjwa ni mgeni.

Niliporudi nyumbani nilitoa ile barua ndani ya daftari, nikakaa kuijibu.