Ghala la Kete

Ghala la kete ni mahali pa kuhifadhia kete za mchezo zisipotee wala zisichanganyike. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, aghalabu fundi huchonga kwenye ncha za ubao vishimo vipana kwa kusudi hilo. Na ghala pia ni akiba ya kete 22 abakizazo kila mchezaji, akiisha kupanga 10 ubaoni, ili azinamue, yaani aziingize mchezoni, mojamoja.

Huku Buigiri, wilayani Chamwino, mbali na pwani uotako mkomwe, mti ambao mbegu zake, komwe, ndizo kete za bao, mtu aliyezikosa aweza kutumia mbegu za ubuyu, na kwa drafti vizibo 24 vya soda. Ghala lake hulitengeneza mwenyewe ndani ya boksi la viatu: hukata viambaza vya karatasi ngumu, vifupi kuliko kina cha boksi kwa upana wa kidole, akavichanja hadi nusu ya kimo chake, kimoja kwa juu na chenziwe kwa chini, kisha akavipachika msalaba, navyo husimama bila gundi. Kwa kuwa mbegu za ubuyu ni ndogo na hupenya chini ya viambaza, yafaa sakafu ya boksi itandikwe kitambaa. Na karatasi iliyopindwa mfano wa bakuli ndani ya kila chumba ni bora zaidi, maana kete hupanda kwa urahisi zikivutwa kwa kidole.

Buigiri ina shule ya watoto wasioona. Kwa mchezaji asiyeona, viambaza hivi si pambo hata kidogo: vyumba vikihitilafiana kwa upana, vidole hutambua mara moja kete zipi ni zake.