Farasi, Mbung'o na Mabega ya Katanga

Mkufunzi wa farasi wa mbio huko Newmarket, Uingereza, huihofia miezi ya barafu: ardhi ikiganda kwato huumia, mazoezi hukatika, na maji ya kunyweshea hugeuka jiwe. Lubumbashi nayo ina baridi yake. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Hata hivyo, kilichomzuia farasi Katanga si baridi bali wadudu. Bila wadudu hao historia ya uchukuzi wa jimbo hili, tangu shaba ya mfalme Msiri hadi reli ya 1910, haielezeki. Na wanaodai kuwa kukosa farasi ni dalili ya watu waliobaki nyuma wanawahukumu wahenga wetu kwa kosa ambalo si lao.

Wadudu wenyewe ni wa aina mbili. Mbung'o wa misitu ya miombo huuma mchana na kueneza nagana, ambayo humkondesha farasi hadi akaanguka. Visubi huruka zaidi usiku na kueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoweza kuua katika siku chache. Kusini mwa bara, umande ukiganda visubi huangamia na wafuga farasi hupumua. Kwao baridi kali ni nafuu. Baridi ya Katanga hupunguza wadudu, lakini haina ukali wa kuwamaliza mbung'o. David Bruce alionyesha huko Zululand mnamo 1895 kwamba nagana huletwa na kimelea anayebebwa na mbung'o. Kisha, kati ya 1910 na 1912, Jérôme Rodhain na wenzake walikuja Katanga kuchunguza mbung'o na vimelea vyao. Ni miaka ileile mji huu ulipokuwa ukianza.

Kabla ya sayansi hiyo kulikuwa na majaribio. Mnamo 1866 David Livingstone alishuka pwani ya kusini ya Tanzania ya leo na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kujua kama wangestahimili mbung'o. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Mtu anaweza kupinga kwamba Livingstone mwenyewe aliwalaumu askari wake wa Kihindi kwa kuwatesa wanyama hao, hivyo jaribio halithibitishi kitu. Pingamizi hilo ni la haki, na jaribio moja peke yake halitoshi. Lakini mnamo 1879 Mfalme Leopold II aligharimia tembo wanne wa India walioshushwa karibu na Dar es Salaam ili wabebe mizigo hadi Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Hakuna anayeleta tembo kutoka ng'ambo ya bahari pale ambapo farasi na punda wangetosha. Nao tembo wakafa kwa mizigo mizito na lishe duni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ng'ombe walikuja kufugwa kwa wingi kwenye nyanda za juu za Biano, na Nairobi mbio za farasi zimeshindaniwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa 1954. Je, si ushahidi kwamba farasi angeweza kuishi kwetu? Angeweza, ila kwa masharti. Nairobi na Biano ziko juu zaidi, mahali palipo wazi na penye mbung'o wachache au wasiokuwapo. Katikati ya mji uliofyekwa, mwenye chanjo, dawa na banda lililofungwa vizuri usiku anaweza kutunza farasi. Lakini msitu ulifyekwa na dawa zikapatikana baada ya mji kujengwa. Mambo hayo yalikuja kwa reli, hivyo hayawezi kuwa ndiyo yaliyoileta reli.

Aliyebeba kabla ya reli ni mwanadamu. Misalaba ya shaba na pembe za ndovu za dola ya Msiri zilitoka Bunkeya kwa mabega, kuelekea pwani zote mbili. Msafara wa kikoloni wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold, ukafika Bunkeya Desemba 1891 na kumuua Msiri siku chache baadaye, ulibebewa vitu vyake na mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar, na wengi wao hawakurudi kwao. Ndiyo sababu reli iliyotoka kusini ilipofika mwaka 1910, bei ya kila kitu ilibadilika ghafla zaidi kuliko mahali ambapo gari la farasi lilitangulia treni. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapa 1911, mwaka mmoja tu baada ya treni.

Wapo watakaosema kwamba kumtaja mdudu ni kuwaosha wakoloni. La. Mbung'o alimwondoa punda njiani. Hakushika kiboko wala hakuandika amri ya upagazi wa lazima. Maumbile yaliweka swali la nani atabeba, na watawala walichagua jibu lililowagharimu wengine. Historia ya Lubumbashi inayoanza na tanuru na treni imeruka sura yake ya kwanza. Wapagazi wastahili kuhesabiwa humo kama wajenzi, kwa haki ileile wanayopewa wahandisi.