Kuuza gari used kwa mnada wa mtandaoni: taja ubovu kwanza

Wadau, tangu niuze Corolla yangu nimeulizwa sana hapa Moshi: mnada wa mtandaoni unakwendaje, na mtu anatoaje bei kwa gari ambalo hajaligusa? Jibu fupi ni kwamba mnada wa aina hii unauza maelezo kabla haujauza gari. Maelezo yakiwa ya uongo, bei inaweza kupanda mpaka ukafurahi, lakini hela huioni. Mimi yalinikuta, nitasimulia hapo chini.

WAJAPANI WANAFANYAJE

Magari mengi tunayopishana nayo kuanzia Mnara wa Saa mpaka Marangu Mtoni yalishapita mnadani Japani kabla hayajapanda meli. Mwaka 1985 kampuni ya Aucnet ilianzisha kule mnada wa magari used kwa njia ya televisheni. Wenye maduka ya magari walipelekewa picha na taarifa kwenye diski, wakatoa bei wakiwa wamekaa madukani kwao. Tatizo lao lilikuwa hili hili letu: nani ataamini gari la kwenye picha? Dawa ikawa mkaguzi anayelipitia gari lote na kuandika kila anachokiona.

Mpaka leo minada mikubwa ya kule, kama ya USS, inatoa karatasi ya ukaguzi kwa kila gari. Gari linapewa maksi: 4.5 au 5 ni safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina mikwaruzo na marekebisho hapa na pale, na R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Ndani linapewa herufi, A ikiwa ndiyo bora. Halafu kuna mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Wanaotoa bei ni wanachama wa mnada, ndiyo maana sisi wa huku tunapitia kwa kampuni au wakala. Gari moja linauzwa ndani ya sekunde chache tu. Hakuna muda wa kuuliza "bosi, injini iko poa?" Karatasi ndiyo inajibu.

Hata eBay ya Marekani ilianza na kitu kibovu. Mwaka 1995 Pierre Omidyar aliweka kwenye tovuti yake kitochi cha leza kilichoharibika, kikanunuliwa kwa dola 14.83. Alimwuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba hakiwaki. Jamaa akajibu kwamba yeye anakusanya vibovu!

NILIVYOUMBUKA

Corolla yangu ilikuwa otomatiki, namba C, rangi inang'aa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: injini ikishika moto halafu ukapanda mlima, gia inateleza. Ukizunguka nalo Pasua au Majengo huwezi kujua, manake kule ni tambarare. Basi nikaandika yale yale tunayoandika wote: "halina tatizo lolote, ni kuwasha na kuondoka". Bei ikapanda mpaka milioni 6.8. Nikaanza kuipigia hesabu ile hela.

Mshindi akaja kutoka Dar, zaidi ya kilomita 500 kwa basi. Kumbe mwenyewe ni mtu wa Kibosho. Akasema, "Tupande kwanza nyumbani nikamsalimie mama, nilisikilize na gari." Nikaishiwa maneno. Kabla hatujafika, gari likaanza kunguruma bila kwenda. Jamaa hakugomba. Alipaki pembeni, akaniambia, "Mdogo wangu, ungeniambia mapema ningelichukua hivi hivi, fundi ninaye. Sasa sijui na mengine uliyonificha." Akatembea kwa mguu kwenda kwao. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

SASA FANYA HIVI

1. Tengeneza karatasi yako ya ukaguzi. Peleka gari kwa fundi asiye rafiki yako, alipandishe mlima likiwa limeshika moto, kisha aangalie breki, shokapu, klachi au gia na chini ya bodi. Gari la kwetu huku linaishi kwenye miinuko, na mnunuzi anajua. Andika kila kitu, na ubovu uwe juu kabisa.

2. Piga picha za ubovu pia: mkwaruzo, siti iliyochanika, dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na taa za onyo zionekane. Osha gari, ila usilipige picha likiwa limelowa, maji yanaficha mikwaruzo.

3. Panga bei mbili. Ya kuanzia iwe ndogo ili watu waingie. Ya pili ni ile ambayo chini yake huuzi, na utangaze mapema kwamba ipo.

4. Usimtume mshkaji wako apandishe bei. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kama hukutangaza kwamba na wewe utatoa bei, kujipandishia mwenyewe au kumtuma mtu kunahesabika ni udanganyifu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtoa bei kujitoa kabla nyundo haijagongwa, kwa hiyo andika wazi siku na saa ya kufunga.

5. Chagua msimu. Desemba watu wanarudi nyumbani na hela ziko mkononi, na mtu anaweza kuja kulijaribu gari mlimani kwenyewe. Januari ni ada za shule, utaambiwa bei za kutupa.

6. Hela ihakikishwe benki. Meseji ya muamala mtu anaweza kuitengeneza mwenyewe. Na usirushe picha ya kadi ya gari kwa kila anayeuliza.

7. Badilisha umiliki TRA, usiishie kwenye kukabidhi funguo. Mwandikishane mkataba wa mauziano, muwe na vitambulisho na TIN, kadi halisi iwepo. Kabla ya hapo angalia faini za namba yako kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani. Jina likibaki lako, faini na kesi za gari zitakuja kukutafuta wewe wakati anayeliendesha yuko Tunduma.

MARA YA PILI

Nilirudia mnada na mstari wa kwanza ukawa huu: "Gia inateleza likipanda mlima likiwa limeshika moto. Fundi anasema gia boksi inahitaji kufunguliwa." Watoa bei walipungua, lakini waliobaki waliuliza maswali ya maana. Likaishia milioni 5.9. Aliyelichukua ni fundi wa Himo ambaye tayari alikuwa na gia boksi nyingine stoo. Alikuja asubuhi, akalipandisha mlima mwenyewe, likateleza kama nilivyoandika, akacheka. Tukaenda benki, kisha TRA, mchana tukamaliza.

Ile tofauti ya laki 9 na mara ya kwanza naulizwa kama hainiumi. Ile milioni 6.8 sikuwahi kuishika, hii 5.9 niliihesabu.

Mwenye swali au nyongeza atiririke hapo chini.