Matende: Dalili zinazofaa kutambuliwa mapema

UVIMBE wa mguu unaonywea usiku na kurejea mchana haufai kupuuzwa. Kwa mkazi wa Kibarani au kwingineko katika Kaunti ya Kilifi, huenda ikawa dalili ya kwanza ya matende.

Maradhi haya hayatokani na uchawi. Huletwa na minyoo myembamba kama uzi inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huharibu mishipa ya limfu inayoondoa majimaji mwilini, nayo majimaji yakatuama mguuni au mkononi. Wanaume huweza pia kupata mabusha.

Mwanzoni mguu huwa mzito, kiatu hubana na ngozi ikibonyezwa huacha shimo. Baadaye uvimbe haupungui hata mgonjwa akilala; ngozi hukakamaa na kufanya mikunjo na vinundu. Aghalabu mguu mmoja huvimba kuliko mwingine. Yote miwili ikivimba sawa, chanzo chaweza kuwa moyo au figo.

Homa, mtoki na mguu wenye joto na maumivu makali huashiria kuwa bakteria wamepenya, mara nyingi kupitia nyufa za vidoleni. Mgonjwa aende zahanati upesi, kwani kila shambulio huzidisha uvimbe.

Kampeni ya Kenya ya kugawa dawa dhidi ya minyoo hiyo ilianzia Kilifi mwaka wa 2002. Dawa huzuia maambukizi, lakini hazirejeshi mishipa iliyoharibika. Kinachozuia ulemavu ni kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kuukausha vyema na kuuinua wakati wa kupumzika.