Herufi, Ribiti na Masizi: Vitu Vidogo vya Ndege za Mwigo na Historia ya Usafiri wa Anga Unguja

Makala haya yanachunguza thamani ya vitu vidogo vinavyochorwa kwenye ndege za simuleta, yaani programu ya kompyuta inayomwezesha mtumiaji kuigiza urushaji wa ndege. Hoja kuu ni kwamba kitu kidogo hakipati thamani yake kwa kulipendeza jicho tu, bali kwa kubeba ushahidi wa kazi, wa wakati na wa mahali. Hoja hiyo inapimwa kwa aina tatu za ndege zilizohudumia Unguja kwa nyakati tofauti, kisha kwa msitu wa Jozani, ambao rubani wa simuleta anaweza kuufikia dakika chache baada ya kuruka kutoka Kisauni.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatokana na historia ya simuleta yenyewe. Mwaka 1929 Edwin Link, mwana wa mtengenezaji wa vinanda huko Binghamton, Marekani, alikamilisha mashine ya kufundishia marubani kwa kutumia mivukuto ya aina iliyotumika katika vinanda hivyo. Kwa nje ilikuwa kama sanduku lenye mabawa mafupi ya kuchekesha. Mwanafunzi alifungiwa ndani, asione chochote ila geji zilizokuwa mbele yake. Hata hivyo, maelfu kwa maelfu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili walijifunza humo. Programu ya Microsoft ya mwaka 1982 nayo ilionesha ndege ya Cessna 182 kwa mistari na rangi chache tu. Ikiwa urubani uliweza kufundishwa bila ribiti wala masizi, vitu hivyo vina kazi gani?

Jibu linapatikana katika tofauti iliyopo kati ya kufundisha na kuhifadhi. Pwani ya Waswahili inaijua tofauti hiyo kupitia mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake likasukwa kama mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20. Mfano wa mtepe usioonesha mshono bado ungeweza kumfundisha mtoto namna tanga linavyoshika upepo. Lakini mfano huo usingekuwa mtepe tena, maana mshono ndio unaoeleza maarifa ya waundaji wake. Ndiyo maana mtepe ulioundwa upya ili kuoneshwa katika Beit el Ajaib ulipaswa kushonwa. Kugongomea misumari kungekuwa rahisi zaidi, ila kungefuta ushahidi.

Kipimo hicho kinaihusu ndege vilevile. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, iliiunganisha Unguja na miji ya pwani kwa abiria na barua. Ndege ya de Havilland Dragon Rapide, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1934, ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye mabawa mawili kila upande yaliyofungwa kwa nyaya. Shirika la East African Airways lilipoanza safari zake mwaka 1946, lilianza na ndege za aina hiyo hiyo. Mchoraji wa simuleta anayeipamba Rapide kwa safu za ribiti huenda akasifiwa kwa bidii yake, lakini ameichorea mbao mshono wa bati. Kinachostahili kuonekana ni mbavu za bawa zinazojitokeza kidogo chini ya kitambaa kilichovutwa. Ribiti ni za Dakota, ndege ya bati iliyotumiwa baadaye na shirika hilo. Gurudumu dogo la Dakota lilikuwa mkiani, kwa hiyo sakafu yake iliinama nyuma ilipokuwa imesimama, na abiria akapanda mteremko kukifikia kiti chake. Mwinamo huo wa sakafu ni kitu kidogo, lakini unahifadhi hali ya msafiri ambayo picha ya ndege ikiwa angani haiwezi kuieleza.

Herufi za usajili zilizoandikwa ubavuni ndizo zenye uzito mkubwa zaidi kwa mwanahistoria. Chini ya utawala wa Waingereza, ndege za Kenya zilibeba VP-K, za Uganda VP-U, za Tanganyika VR-T na za Zanzibar VP-Z. Baada ya uhuru, alama zikawa 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda na 5H kwa Tanganyika, kisha Tanzania. Kwa Muungano wa Aprili 1964, Zanzibar ikawa chini ya 5H. Ndege za Super VC10 za East African Airways ziligawanywa katika alama zote tatu, hivyo ubavu wa ndege ukatangaza ubia wa nchi tatu hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977. Kwa hiyo, Dakota yenye alama ya 5H katika mandhari ya mwaka 1950 ina kosa zito kuliko kukosea rangi, kwa kuwa inaitanguliza dola ambayo bado haijazaliwa.

Ndege ya tatu ni Cessna 208 Caravan, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na ambayo leo mashirika madogo huitumia kati ya Unguja, Pemba na bara. Bomba lake la moshi liko upande mmoja tu, chini ya pua kuliani, kwa hiyo masizi hutapakaa upande huo. Chini ya tumbo hubandikwa sanduku la mizigo, na wakati wa kupakia huwekwa mhimili wa kuuegemeza mkia ili ndege isikae kitako. Masizi yaliyopakwa sawasawa pande zote mbili ni pambo. Yaliyopakwa kulia peke yake ni maelezo ya namna injini inavyofanya kazi.

Hapa Jozani inaleta swali gumu. Toleo la Microsoft la mwaka 2020, lililotengenezwa na Asobo Studio ya Ufaransa, lina Caravan iliyoundwa hadi swichi moja moja. Ardhi iliyo chini yake, kwa sehemu kubwa, huzalishwa na programu kutokana na picha za setilaiti. Jozani, msitu mkubwa zaidi wa asili uliosalia Unguja, uliotangazwa kuwa sehemu ya hifadhi ya taifa mwaka 2004, unakutanisha mitondoo ya ardhi yenye maji, mikoko ya upande wa Pete na vichaka vya maweni. Kwa programu hiyo, tofauti hizo hukisiwa kwa rangi ya picha na kanuni za jumla. Sababu si uzembe. Caravan ina kiwanda, michoro na vitabu vya mafundi, ilhali maarifa ya kuutofautisha mti na mti yamo kwa wakazi wa vijiji vinavyouzunguka msitu.

Kwa hiyo, uhalisia wa simuleta unafuata njia ya kumbukumbu zilizoandikwa: palipo na nyaraka pana ribiti, na pasipo na nyaraka pana kijani kitupu. Jambo hilo linaigusa pia historia ya Kisauni. Umbo la Rapide litadumu kwa sababu michoro yake imehifadhiwa. Namna wapakiaji walivyoigawa mizigo, au mafundi walivyokiziba kitambaa kilichochanika katika hewa ya chumvi, haimo katika michoro hiyo. Mtafiti anayezithamini ndege za mwigo anapaswa kuuliza kila kitu kidogo kimetoka wapi, kisha kuyakusanya yale ambayo hayajapata mchoraji, wakati wanaoyakumbuka wangali hai.